Fuwele Iliyopangiwa Siku ya Kufa

Siku muuguzi Helswida Mgaya alipofika katika Taasisi ya Fuwele pale Uyole, Dk. Tusajigwe Kibona alikuwa amevaa glavu za ngozi hadi viwikoni na hakuweza kumpa mkono. Tanuri namba tatu ilikuwa imeshuka hadi nyuzi mia sita. Ndani yake mrija wa kioo kigumu, uliozibwa pande zote mbili, ulikuwa umekaa siku kumi na nne ukipoa nyuzi moja na nusu kila saa, na sasa ulikuwa na sekunde chache tu za kuishi nje ya moto.

"Subiri hapo hapo mlangoni, dada," Tusajigwe alisema bila kugeuka. "Nikikawia kidogo, kazi ya wiki mbili imekwisha."

Mzee Ambilikile, fundi wa tanuri tangu taasisi ilipoanzishwa, alivuta mlango. Tusajigwe akaubana mrija kwa koleo ndefu, akaugeuza juu chini na kuutumbukiza katika mashine ya kuzungusha. Mashine ikavuma. Ndani ya mrija bati lililoyeyuka, bati lenyewe la asili, si yale mabati ya paa, lilirushwa upande mmoja na kupenya kwenye pamba ya kioo kama maji ya nazi yanavyopita kwenye chujio. Kilichobaki upande wa pili ni fuwele.

Hivyo ndivyo zilivyooteshwa. Unachukua manganisi, chuma na vitu vingine viwili, unaviyeyusha ndani ya bati kama sukari ndani ya chai, kisha unaacha chai ipoe polepole mno. Metali zile zinapokosa nafasi ndani ya bati hukamatana zenyewe kwa mpango ambao hakuna nyundo wala mashine inayoweza kuulazimisha. Fuwele ya Tusajigwe ilikuwa na tabia moja iliyobadilisha nchi: ukiisogeza karibu na sumaku inapata joto, ukiitoa inapoa. Kwa tabia hiyo alitengeneza jokofu lisilo na gesi wala kompresa, linaloendeshwa na kipande cha sola kisichozidi sinia. Kufikia mwaka huo wa 2068, zahanati elfu sita zilikuwa zikihifadhia chanjo ndani ya majokofu hayo, na kiwandani wasimamizi wa Kampuni ya Sakitu, waliokuwa wakiyatengeneza, waliweka picha ya Tusajigwe ukutani.

Mashine iliposimama, alivua glavu na kumgeukia mgeni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye sweta la bluu la kiuguzi, kapu mkononi. Ndani ya kapu, juu ya kanga iliyokunjwa, palikuwa na kiini cha jokofu: kisanduku cha ukubwa wa tofali, kimefunguliwa kwa bisibisi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye Kibona? Jina lako limeandikwa hapa." Helswida aligonga kibandiko kwa ukucha. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Wilayani wamekataa kunisikiliza."

"Karibu, kaa."

"Nimekaa kwenye basi tangu Njombe. Nitasema nikiwa nimesimama." Akavuta pumzi. "Mimi ni muuguzi wa zahanati ya Itundilo. Nimechoma sindano miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita watoto kumi na mmoja wa kijiji changu walipata surua. Wote nimewachanja mimi, kwa mkono huu, na kadi zao ninazo. Watatu tumewazika. Sasa mama zao wanasema niliwachoma maji, dawa nikauza. Mganga mkuu wa wilaya amenisimamisha kazi. Nikamwambia, kapimeni jokofu. Akasema jokofu lina taa ya kijani, halina tatizo, tatizo ni wewe."

Ambilikile aliacha kufuta koleo.

"Na kile kibandiko cha kwenye chupa?" Tusajigwe aliuliza. "Kile kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto?"

"Kiliondolewa. Tangu majokofu yako yaje, chupa zinaletwa bila kibandiko. Tuliambiwa jokofu linatosha."

Tusajigwe hakuwa na habari hiyo. Alisikia uso wake ukipata moto, na haukuwa moto wa tanuri.

*

Walikipima kiini mchana huohuo, Helswida akiwa amesimama nyuma yao. Fuwele iliyotoka kwenye tanuri ya Tusajigwe ilipaswa kushusha joto hadi nyuzi nne na kubaki hapo jua likiwaka au lisipowaka. Hii ilishuka hadi nne pale tu chumba kilipokuwa cha baridi. Walipokipasha chumba hadi joto la saa nane mchana, ikagoma kwenye nyuzi kumi na tisa.

"Kwetu usiku barafu inaganda kwenye majani," Helswida alisema. "Mchana jua linapiga bati la paa."

"Na taa inapima wastani," Ambilikile alisema polepole. "Inajumlisha usiku na mchana. Usiku wa Njombe unauficha mchana wake."

Tusajigwe aliipasua fuwele kwa wembe wa almasi na kuiweka chini ya hadubini. Ilipaswa kuwa safi kama chumvi ya mawe. Badala yake aliona nyufa nyembamba kama nywele, na ndani ya nyufa vitone vyeupe vinavyong'aa. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akakitoa kipande, akakiweka kwenye kiganja cha Helswida na kumwambia akifumbe.

"Mpaka lini?"

"Mpaka kipate joto lako."

Dakika mbili zilipopita, Helswida alifungua kiganja. Kitone kimoja kilikuwa kimetoka kwenye ufa na kilikuwa kikiteleza juu ya mstari wa mkono wake kama chozi.

"Hii ni nini?"

"Galiamu. Ni metali, lakini huyeyuka kwa joto la mwili." Sauti ya Tusajigwe ilikuwa imekauka. "Haipaswi kuwamo. Mimi naotesha kwa bati tupu. Mtu akitia galiamu kidogo kwenye bati, sehemu yake inanaswa ndani ya fuwele. Inakaa kimya. Kila jokofu linapozunguka, joto, baridi, joto, baridi, inatambaa hatua moja na kula metali iliyo jirani. Haionekani kwa nje. Baada ya miaka mitano fuwele imekwisha nguvu."

"Mtu amekosea kupima?"

Tusajigwe alimtazama Ambilikile. Vitone vile vilikuwa vimepangana kwa umbali unaolingana, kama punje kwenye gunzi.

"Hapana," mzee alisema. "Aliyeweka hivi alijua anachofanya. Daktari, mimi naikumbuka hii. Ni sampuli ya tisa."

Alikwenda kabatini akarudi na daftari la miaka minane iliyopita. Mwandiko ulikuwa wa Tusajigwe mwenyewe: *Bati na galiamu asilimia mbili. Fuwele inakua kwa siku nne badala ya kumi na nne. Inapasuka baada ya mizunguko mingi. Umri wake unaweza kukadiriwa. Isitumike.* Chini ya neno la mwisho alikuwa amepiga mistari miwili. Na pembeni, kwa wino wa kijani, palikuwa na sahihi ya mtu aliyeusoma ukurasa ule na kuupitisha: Profesa Kokushubira, mkurugenzi wa taasisi, mwalimu aliyemfundisha Tusajigwe kushika koleo.

*

Profesa Kokushubira hakukana. Alikuwa mama wa miaka sitini na minne, mpole wa sauti, na alimwacha Tusajigwe amalize kusema yote, kisha akafunga faili lililokuwa mbele yake.

"Kaa, Tusa."

"Nitasimama."

"Sakitu walisema hivi: fuwele isiyokufa inauzwa mara moja tu. Kiwanda kikishajaza nchi kinafungwa, na hakuna atakayetengeneza hata moja ya ziada. Walitaka miaka mitatu. Nilipigana nao hadi ikawa mitano. Nikawafunga kwa mkataba: mwaka wa nne, kabla haijadhoofika, wabadilishe kiini bure kila zahanati. Bila mimi kukubali, majokofu yako yangekuwa bado mchoro kwenye karatasi. Watoto wangapi wamechanjwa miaka hii mitano kwa sababu nilikubali?"

"Itundilo walibadilishiwa?"

"Walibadilisha penye lami. Kwingine wanasema magari hayafiki."

"Muuguzi amefika hapa na kapu. Kwa nini magari yao yasifike?"

"Nimewaandikia barua nne."

"Barua." Tusajigwe alijishika ukingo wa meza. Hakuwahi kumpandishia mwalimu wake sauti na hakuipandisha sasa, ila maneno yalitoka yakiwa yamebanwa. "Profesa, niliandika isitumike. Ulichukua kasoro niliyoiona ukawapa kama zawadi. Wakaifanya saa ya kuhesabu siku. Halafu wakaondoa vibandiko kwenye chupa, wakatengeneza taa inayodanganya, na wewe ukaandika barua. Yule mwanamke amezika watoto watatu na anaitwa mwizi."

"Unadhani nalala nikiwafikiria?"

"Sijui unalalaje. Waambie watu."

"Nikiwaambia, itakuwaje?" Sasa profesa aliinuka. "Fikiri kama mwanasayansi, usifikiri kwa hasira. Ukitangaza leo, kesho zahanati elfu sita zitazima majokofu, mabovu na mazima, maana hakuna atakayejua lipi ni lipi. Majokofu ya gesi yalishatupwa. Fuwele mpya ya bati tupu inataka siku kumi na nne, na tanuri tunazo kumi na mbili. Miezi minane, mwaka, hakuna chanjo vijijini. Na mama aliyesikia kwamba sindano ilikuwa bure hamleti tena mtoto wake, hata dawa ikiwa nzuri. Watakufa zaidi ya watatu, Tusa. Watakufa wengi, na utakuwa umewaua kwa ukweli wako. Nipe miaka miwili. Tutabadilisha kimya kimya, kuanzia mbali."

Tusajigwe alizirudia tarakimu kichwani. Hesabu ile ilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomchoma kuliko uongo wote: waliofanya ubaya walikuwa wamejenga nyumba ambayo mwenye kutaka kuwaokoa waliomo lazima aibomoe juu ya vichwa vyao.

*

Alimkuta Helswida kwenye kantini, sahani ya ugali na maharage haijaguswa. Akaketi mbele yake na kumwambia kila kitu, pamoja na lile daftari, pamoja na ile sampuli ya tisa iliyozaliwa mikononi mwake. Kisha akamwambia hoja ya profesa bila kuipunguza.

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Helswida aliisogeza sahani kando.

"Huyo mama yenu anadhani sisi huko ni watu wa kubebwa mgongoni," alisema. "Kabla ya jokofu lako mimi nilikuwa nafanya kazi. Nilikuwa nabeba chanjo kwenye kisanduku chenye vibarafu kutoka hospitali ya misheni, saa nne kwa miguu, nachanja asubuhi kabla jua halijapanda, na kilichobaki namwaga. Ilikuwa kazi ngumu lakini nilijua nilichoshika. Mngeniambia jokofu limekufa, ningerudi kwenye kisanduku siku hiyo hiyo. Na wenzangu wote wangerudi. Hamkuninyima jokofu, daktari. Mlininyima kujua. Mkaniacha niwashike wale watoto niwaambie, tulia, hii itakukinga."

Tusajigwe aliinamisha kichwa.

"Na kuhusu mama zao kutoleta watoto," Helswida aliendelea, "hivi sasa wanaleta? Nani analeta mtoto kwa mwizi?"

*

Kila jokofu la Sakitu lilituma taarifa zake kwenye setilaiti muda wote, na kupokea maagizo mara moja kwa siku, saa sita adhuhuri. Kanuni ya taa, yaani masharti yanayoamua iwe kijani au nyekundu, ilifungwa kwa ufunguo waliokuwa nao watu wawili: mkurugenzi wa taasisi na mbunifu wa jokofu. Ufunguo wa Tusajigwe haukuwa umetumika tangu siku ya uzinduzi. Alikuwa ameahidi kwa kiapo na sahihi kutougusa bila idhini ya kampuni.

Kesho yake, saa tano na nusu asubuhi, alikaa mbele ya kompyuta akiwa na Ambilikile kulia na Helswida kushoto. Kanuni mpya ilikuwa fupi. Taa isipime tena wastani wa siku. Ipime saa moja iliyo na joto kuliko zote. Jokofu linaloshika ubaridi saa hiyo libaki kijani. Lisiloshika liwe jekundu. Hivyo yaliyo mazima yangejulikana kwa uzima wao, na hakuna ambaye angelizima lililo zima kwa woga.

Hoja ya profesa ilikuwa na mlango ambao yeye hakuutafuta, na Tusajigwe hakujua kama ni kwa sababu hakuuona au kwa sababu ungemtoa yeye mwenyewe hadharani.

Chini ya taa ya kila jokofu kulikuwa na kioo cha maneno machache, ambayo yangetokea taa ikiwa nyekundu. Tusajigwe aliandika: *Chanjo iliyomo humu isitumike. Tumia kisanduku na vibarafu. Watoto waliochanjwa kutoka jokofu hili wachanjwe upya.* Akasita.

"Ongeza," Helswida alisema.

"Niongeze nini?"

"Wewe unajua."

Aliandika: *Muuguzi, si kosa lako. Fuwele ilitengenezwa ife. Dk. T. Kibona.*

"Ukibonyeza hapo huna kazi," Ambilikile alimwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya joto la tanuri.

"Najua, mzee."

"Nilitaka tu usikie kutoka kwa mtu anayekupenda."

Saa sita kamili alibonyeza. Hawakuona chochote kwa muda, kwa kuwa saa yenye joto ilikuwa bado mbele. Saa nane taa nyekundu zikaanza kuwaka kwenye ramani ya kompyuta, moja Makete, tatu Ludewa, kisha kwa makundi, kusini, magharibi, kando ya ziwa, hadi ramani ikawa kama mwili wa mtoto mwenye surua. Saa tisa alasiri kompyuta ilihesabu majokofu mekundu elfu mbili mia tatu na kumi na nne. Itundilo haikuwamo, kwa sababu kiini chake kilikuwa juu ya meza.

Helswida aliweka mkono mdomoni. "Hawa wote ni mimi," alisema.

Simu zilianza. Profesa Kokushubira aliingia akiwa na walinzi wawili, lakini alipoiona ramani alisahau alichotaka kuwaambia. Alisimama akiitazama, midomo ikitembea kama mtu anayehesabu.

"Sakitu walinipa orodha ya zahanati mia nne," alisema hatimaye. "Waliniambia ni mia nne tu ambazo hazijafikiwa."

"Sasa unayo orodha ya kweli," Tusajigwe alisema. "Unaweza kuitumia."

Profesa alinyoosha mkono, na Tusajigwe akamvulia kitambulisho chake. Walinzi walimsindikiza hadi getini. Mmoja wao, bila kumtazama, alimwuliza jokofu la zahanati ya Chimala lilikuwa rangi gani, kwani mwanawe alichanjwa pale.

"Jekundu," Tusajigwe alimwambia. "Mpeleke tena, wiki hii."

Jioni hiyo Ambilikile alimpigia. Tanuri zote kumi na mbili alikuwa amezijaza bati tupu na kuziwasha, bila barua ya mtu. "Zimefika nyuzi elfu moja na mia moja," alisema. "Anayetaka kuzizima aje azizime mwenyewe, awaambie watu alizizima."

*

Wakili wa Sakitu alimpata Tusajigwe kwa simu njiani kwenda Njombe. Alisema kampuni iko tayari kueleza kwamba kosa lilikuwa la kiufundi, lisilokusudiwa, na kwamba ikiwa Dk. Kibona atathibitisha hivyo, kiapo alichovunja hakitapelekwa mahakamani. Tusajigwe alimsikiliza hadi mwisho. Alimwuliza kama amewahi kuiona fuwele ile chini ya hadubini, wakili akasema hapana. Akamwambia vile vitone vimepangwa, na atavionyesha mahakamani, na akakata simu.

Itundilo walikutana kwenye ukumbi wa shule, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kufungua kwa maneno marefu, lakini watu hawakuwa na subira naye, wakamkalisha. Helswida aliketi peke yake kwenye benchi la mbele. Pande zote mbili za benchi zilikuwa wazi. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Tusajigwe alisimama. Alikuwa amezoea kuongea mbele ya maprofesa na mawaziri, na sasa alijikuta hajui mikono aiweke wapi. Alisema jina lake. Alisema jokofu ni lake, fuwele ni yake, na njia ya kuifanya ife aliigundua yeye, akaandika isitumike, kisha akaondoka bila kuangalia kama imetumika. Alisema watu walioitumia aliwajua kwa majina, akayataja, la mwalimu wake likiwa la kwanza. Alisema dawa ilifika Itundilo ikiwa nzima na ikaharibikia ndani ya sanduku lenye taa ya kijani. Alisema muuguzi wao hakuwachoma watoto maji, hakuuza kitu, na ndiye mtu pekee katika nchi nzima aliyelifungua lile sanduku na kuuliza.

Mvua ilikuwa inapiga paa, na sauti ya Tusajigwe haikuwa kubwa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

Katikati ya ukumbi aliinuka mwanamke mwenye mtandio mweusi. Mwenyekiti alimnong'oneza Tusajigwe kwamba huyo ni Mama Imakulata, aliyefiwa na mmoja wa wale watoto watatu. Mwanamke alipita kati ya mabenchi, watu wakimpisha, akafika mbele. Hakumtazama Tusajigwe. Aliketi kwenye benchi la Helswida, bega kwa bega naye, akaupanga mtandio wake, ndipo akainua uso.

"Radhi tutaizungumza baadaye," alisema. "Hayo uliyosema kuhusu muuguzi, yarudie. Kwa sauti. Wa nyuma hawakusikia."